UZI: Janga la korona liliigeuza teknolojia kuwa pango la kila mwezi kwa biashara ndogo za Mombasa

Mweka Hesabu wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote mnaosoma.

Mteja wangu mmoja, mama anayeuza leso, kanzu na madira katika Mji wa Kale, alinijia wiki iliyopita na mfuko wa daftari zake za kuanzia mwaka 2019. Akazipanga mezani kwangu moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hivi vitu vya simu na mitandao vimenifaa, au vimenila?" Nilidhani ni swali la kujibiwa kabla chai haijapoa. Limenichukua wiki nzima, kwa sababu nilipomaliza daftari zake niliona siwezi kumjibu kwa haki bila kuzilinganisha na vitabu vya wateja wangu wengine: wakala wa utalii aliyeko Nyali, muuza nafaka kwa jumla wa Kongowea, kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, na duka la vipuri vya magari karibu na Mwembe Tayari. Nimeona niyaweke hapa niliyoyakuta, kwa kuwa najua wengi wetu tunajiuliza swali hilo hilo kimyakimya.

Husemwa mara nyingi kwamba korona ndiyo iliyowaingiza wafanyabiashara wadogo kwenye teknolojia, kana kwamba watu walifungua masanduku yao wakaanza kununua mitambo. Vitabu nilivyo navyo vinasimulia jambo jingine. Mwaka 2020 karibu kila matumizi ya teknolojia yaliyokuwa yamepangwa yalikatwa au kuahirishwa, na mahali pake pakaingia malipo madogo madogo ambayo hakuna aliyeyapanga: ya siku, ya wiki, ya mwezi. Malipo hayo hayakuondoka na ugonjwa. Kabla ya korona, teknolojia kwa duka dogo ilikuwa ni mali, yaani kompyuta, printa, mashine ya risiti za kodi, au programu ya hesabu iliyonunuliwa mara moja ikatumika mpaka ikachakaa. Baada ya korona imekuwa pango, kama la nyumba, na mwezi usiolipa mlango unafungwa.

Tukumbuke pia tunamzungumzia nani. Sheria yetu ya biashara ndogo ya mwaka 2012 inaiita biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 kuwa ndogo sana, na yenye wafanyakazi 10 hadi 50 kuwa ndogo. Uchunguzi wa Shirika la Takwimu la Kenya wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa biashara za namna hii, pamoja na za wastani, ni takriban milioni 7.4 nchini, na kati ya hizo zilizokuwa na leseni ni takriban milioni 1.56 tu. Wengi wa watu hawa hawana bajeti ya teknolojia iliyoandikwa popote. Ukitaka kujua walitumia nini inabidi uchimbe ndani ya safu ya "matumizi mengineyo", na humo ndimo nilimoshinda wiki nzima.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na jioni ile ile ya kwanza watu waliokuwa wakikimbilia feri ya kuvuka Likoni walirushiwa vitoza machozi. Wengi wetu tuna jamaa waliokuwapo. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, asiingie mtu wala asitoke; Kilifi na Kwale zikafunguliwa mwanzoni mwa Juni, na Mombasa tarehe 7 Julai. Wiki tatu za mwanzo katika vitabu vyote ni kama mtu anayetupa mizigo baharini ili chombo kisizame.

Wakala wa utalii ndiye aliyetupa zaidi. Alikuwa ameagiza kompyuta mbili na mfumo wa kuwekea nafasi za safari. Ndege za abiria za kimataifa ziliposimama mwishoni mwa Machi, na treni ya abiria ikasimama baada yake, aliighairi oda, akasimamisha matangazo ya mtandaoni, akawaacha wafanyakazi wote isipokuwa mlinzi. Hayo yote yalikuwa ya lazima na mimi mwenyewe nilimshauri hivyo. Kosa letu lilikuwa dogo kuliko hayo. Ada ya mwaka ya jina la tovuti yake, ambayo ni fedha kidogo sana, haikulipwa, kwa sababu ujumbe wa kukumbushia uliingia kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyekuwa ameshasimamishwa. Ndege zilirudi tarehe 1 Agosti, na alipotaka kuamka mwishoni mwa mwaka, jina lile lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Wateja wake wa Ujerumani, ambao wengine walikuja kila Desemba kwa miaka kumi, walikuwa wakiandika kwenye anwani isiyokuwapo tena. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Tulikata matumizi kwa kutazama ukubwa wa fedha, wala hatukujiuliza ni kitu gani kikikatika hakiungiki.

Upande wa pili ni fedha za simu. Tarehe 16 Machi 2020, siku tatu tu baada ya mgonjwa wa kwanza, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za dharura ili watu wapunguze kushikana noti: kutuma hadi shilingi 1,000 kukawa bila ada, muamala mmoja ukaruhusiwa kufika shilingi 150,000 badala ya 70,000, na salio la simu likaruhusiwa kufika 300,000. Muuza nafaka wa Kongowea ananiambia hilo la pili ndilo lililombadilishia kazi. Mnunuzi wake kutoka Malindi alikuwa akigawa malipo ya maharage vipande viwili au vitatu, au akimtuma kijana na bahasha. Sasa lori likipakiwa, fedha zote zimeshaingia kabla turubai halijafungwa.

Hilo la kwanza, la bure hadi 1,000, lilileta faida na madhara pamoja, na madhara yake sijawahi kuyaona yakiandikwa. Wenye maduka wengi walikuwa na namba ya tili, yaani namba ya biashara ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu. Wateja walipoona kutuma kwa namba ya kawaida hakuna ada, wakaacha tili wakawa wanatuma kwenye simu ya mwenye duka. Na mwenye kununua bidhaa ya shilingi 3,000 akatuma elfu moja mara tatu. Fedha za duka zikachanganyika na za karo, za matanga na za mchango wa arusi. Nilipofunga hesabu za mwaka 2020 za duka moja la vyakula nilikaa na kurasa za taarifa ya simu, kalamu nyekundu mkononi, nikimuuliza mwenye duka mstari kwa mstari: "Hii ni unga au ni shemeji yako?" Tarehe 1 Januari 2021 ada zilirudi, isipokuwa kwa kiasi kisichozidi shilingi 100, lakini mazoea yale hayakurudi nyuma. Duka lile hadi leo linanilipa saa za ziada za kutenganisha fedha. Kwangu mimi hiyo ni gharama ya teknolojia kamili, ingawa imeandikwa chini ya "ada za mweka hesabu".

Sasa nirudi kwa mama wa leso, kwa sababu kisa chake kina mengi ndani yake.

Ramadhani ya 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili. Tarehe 6 Mei Serikali iliufunga Mji wa Kale peke yake, siku kumi na nane kabla ya Idi, yaani katika zile siku ambazo kwa muuza nguo wa mtaa ule ndizo zinazobeba mwaka. Mali yake nyingi ilikuwa ndani naye, na wateja wake wengi walikuwa nje. Bahati ilikuwa kwamba marobota mawili ya leso yalikuwa yamebaki kwa dada yake Kisauni. Binti yake akaanza kupiga picha za zile zilizokuwa ndani, leso moja moja, akizitandaza barazani asubuhi kabla jua halijawa kali, na kwa kuwa mnunuzi wa leso hanunui maua tu bali hununua na jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, aliliandika jina la kila leso chini ya picha yake. Mama ananiambia wateja walikuwa wakilijibu lile jina: "Niwekee hiyo, namjua wa kumpa." Zilizofanana na zile za Kisauni zilipelekwa na bodaboda. Zilizobaki ndani zililipiwa nusu na kungoja mpaka mtaa ulipofunguliwa Juni.

Ukifungua daftari la mwezi ule utaona mkono wa binti: "bando 20, bando 50, bando 20, boda 150, bando 50". Hakuna mstari hata mmoja wenye fedha nyingi. Simu waliyoitumia ilikuwa kuukuu, na Julai ilipokuja ile ya kulipia kidogokidogo kwa amana ya shilingi 1,000 na shilingi 20 kwa siku, wakaichukua. Ukijumlisha mabando, ishirini za kila siku na ada za kutuma fedha kuanzia Mei hadi Desemba, mama huyu alitumia kwenye teknolojia zaidi ya anavyokumbuka kutumia miaka yote mitano ya kabla yake, na hakuna siku aliyohisi kwamba amenunua teknolojia. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, na bado mama aliye umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ufukweni anainunua intaneti kwa vipande vya shilingi ishirini, ambavyo ukivipima kwa ujazo ndivyo ghali kuliko vyote. Hilo linaniuma kila ninapolipitia.

Lililofuata mwaka 2021 ndilo nililomwonya baadaye kuliko nilivyopaswa. Kijana mmoja alimuuzia duka la mtandaoni la kulipia kila mwezi, kwa dola, kupitia kadi. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa karibu shilingi 101. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa karibu 109. Mwanzoni mwa 2024 ilifika karibu 160 kabla ya kushuka tena kuelekea 130. Bei ya programu kwa dola haikubadilika hata senti, lakini katika daftari la shilingi ilipanda kwa karibu nusu, na mama akadhani kijana anamwibia. Wakala wa mizigo naye yumo katika hali hiyo hiyo kwa programu ya mikutano na ya kuhifadhi nyaraka. Mtu aliyenunua kompyuta mwaka 2019 alikuwa ameshamalizana na dola siku ile ile.

Kodi ya ongezeko la thamani nitaipitia kwa haraka. Ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia 1 Aprili 2020 ili kutupunguzia mzigo, ikarudishwa 16 tarehe 1 Januari 2021, na kila mara duka la vipuri lilimlipa fundi kuirekebisha mashine ya risiti. Kisha kanuni za ankara za kielektroniki zilizochapishwa Septemba 2020 zikadai mashine ya aina mpya, na muda wa mwisho ukasogezwa hadi Novemba 2022. Ile ya zamani iko juu ya kabati.

Huko nje nako picha inashabihiana. Gartner, kampuni ya utafiti wa teknolojia, ilitabiri Mei 2020 kwamba matumizi ya teknolojia duniani yangeshuka kwa asilimia 8 mwaka ule, wakati huo huo mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, akisema wameshuhudia mageuzi ya miaka miwili katika miezi miwili. Kauli hizo mbili zinaonekana kupingana hadi ukumbuke kwamba kutumia teknolojia zaidi na kuinunua zaidi ni mambo mawili tofauti. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka huo, katika nchi zipatazo hamsini, ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya biashara ziliongeza matumizi ya mitandao na majukwaa ya kidijitali, lakini zilizowekeza katika vifaa au programu mpya zilikuwa karibu nusu ya hizo tu, na kubwa ziliwekeza zaidi kuliko ndogo. Nilipousoma nilimwona mama wa leso ndani yake.

Naomba mchango wenu, hasa wa walioona tofauti na mimi.

Fundi wa Kompyuta, Mwembe Tayari

Waalaikum salaam, kaka Mweka Hesabu. Mengi uliyoyasema nayakubali, lakini kwenye hilo la kutonunua nina neno, maana mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kaunta.

Kuanzia Aprili 2020 sikuwahi kuuza kompyuta za mapajani kama nilivyouza. Tunauza za mitumba zinazotoka Ulaya na Dubai, na kufikia Agosti kontena zilikuwa zinachelewa, bei imepanda, na betri hazipatikani kwa fedha yoyote. Dunia nzima ilikuwa inazigombania, watu wakifanyia kazi nyumbani na watoto wakisoma nyumbani, kisha uhaba wa chipu ukaongezea. Kwa hiyo vifaa vilinunuliwa. Tofauti ni nani alikuwa anatoa fedha. Kabla ya korona, ankara nilikuwa naiandika kwa jina la kampuni. Mwaka ule nilikuwa naandika kwa jina la mtu: karani wa kampuni ya mizigo, mhasibu wa hoteli, mwalimu. Wengi waliniambia waziwazi kwamba bosi amewaambia wakafanyie kazi nyumbani na hajawapa kitu. Mmoja, dada wa kampuni ya uwakala wa meli, alilipa kwa awamu nne kutoka katika mshahara uliokuwa umeshakatwa nusu.

Kwa hiyo ukifungua vitabu vya mwenye biashara utaona matumizi yameshuka, na ni kweli yameshuka kwake. Yalihamia kwenye mfuko wa mfanyakazi, na mfanyakazi hana daftari linaloletwa mezani kwako. Bando alilotumia kuingia mikutano ya bosi ni lake, umeme ni wake, na kompyuta ilipoharibika mwaka 2022 aliirudisha kwangu kuitengeneza kwa fedha zake tena.

Mwenye Malori, Miritini

Salamu kwenu vijana wangu. Nina malori matatu ya safari za Malaba, mpakani na Uganda, si mengi, lakini yalinisomeshea watoto.

Kwetu sisi janga lilikuja na amri. Madereva walitakiwa wapimwe, foleni mpakani zikafika kilomita nyingi, mtu analala barabarani siku tano mzigo haujasogea. Baadaye mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa kufuatilia mizigo na madereva kwa simu, ili cheti cha kipimo kionekane kila mpakani bila kubishaniwa karatasi. Mfumo ulikuwa na maana, sitausema vibaya. Lakini dereva wangu mmoja, mtu mzima aliyeendesha barabara ile miaka ishirini, alikuwa na simu ya tochi. Ilibidi niwanunulie wote watatu simu za kisasa katika wiki moja, wakati nauli zilizodaiwa hazijalipwa, na mkopo wa lori unaendelea kusoma riba. Nilikopa kwenye chama.

Nakuuliza, mwanangu Mweka Hesabu: gharama kama hiyo unaiandika wapi? Mimi niliiandika chini ya "matairi na vipuri", kwa sababu bila hizo simu lori lilikuwa halisogei, sawa na lori lisilo na tairi.

Mwalimu wa Kisauni

Naomba nami niseme kidogo kuhusu shule za kibinafsi, ambazo nazo ni biashara ndogo ingawa watu husahau. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, madarasa machache yakarudi 12 Oktoba, na yote yakarudi 4 Januari 2021. Karo haikuwa inaingia. Hata hivyo wazazi waliokuwa na uwezo walitaka masomo ya mtandaoni, na mkurugenzi wetu akaogopa kwamba akikataa atawapoteza, kwa hiyo akalipia jukwaa la masomo kwa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Katika darasa langu la watoto thelathini na wanne waliweza kuingia tisa, na kati ya hao tisa wanne walikuwa wanashiriki simu ya baba ambayo baba anaondoka nayo saa mbili asubuhi.

Kilichotufaa mwishowe ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao mzazi anaupakua usiku baba akirudi, mtoto akasikiliza hesabu akiwa na kitabu mbele yake. Hilo halikugharimu shule chochote. Jukwaa lililolipiwa liliisha muda wake Julai 2021 likiwa limetumika wiki sita. Fedha zile zingelipa mishahara ya walimu wawili waliokwenda zao na hawajarudi mpaka leo, mmoja wao akiwa mwalimu bora wa Kiswahili niliyewahi kufanya naye kazi.

Mweka Hesabu wa Bondeni

Nawashukuru sana. Fundi, umenirekebisha na nakubali kurekebishwa. Nilikwenda jana kwa kampuni ya mizigo nikawauliza makarani, na wote watano walijinunulia kompyuta zao mwaka 2020. Katika vitabu nilivyovifunga kwa mkono wangu hakuna hata moja. Nimemwomba mwenye kampuni tuweke posho ya vifaa kuanzia mwezi ujao, kwa sababu kama biashara inasimama juu ya kompyuta ya karani, basi karani ameikopesha biashara bila hati na bila riba.

Shikamoo, mzee wetu wa Miritini. Ulivyoandika ni sahihi kwa maana, ingawa mkaguzi angekuuliza maswali. Ningependa iwe na mstari wake, kwa sababu simu zile zinahitaji bando kila wiki na zitahitaji kubadilishwa baada ya miaka mitatu, na ukizificha ndani ya matairi hutajua kamwe kwamba kuna gharama inayokusubiri. Kwa vitabu vya sasa naweka safu moja ya "simu, mitandao na programu", na ndani yake natenganisha kinachonunuliwa mara moja na kinachojirudia. Safu hiyo sikuwa nayo mwaka 2019. Nilipoitengeneza na kuijaza kwa kurudi nyuma ndipo nilipoliona hili la pango kwa macho yangu.

Mwalimu, kisa chako kimenihuzunisha. Lile jukwaa lililipiwa kwa woga wa kuachwa nyuma, na woga huo niliuona kwa wengi mwaka ule: mtu hajui duka lake linavuja wapi, lakini jirani amenunua, basi naye ananunua. Mama wa leso alianza na tatizo lililokuwa mlangoni kwake, kwamba mali iko ndani na wateja wako nje, na alitumia kile kidogo kilichotosha kulivuka. Alikosea baadaye, alipouziwa suluhisho la tatizo ambalo hakuwa nalo.

Fundi wa Kompyuta, Mwembe Tayari

Sasa yule mama ulimjibu nini, kaka?

Mweka Hesabu wa Bondeni

Nilimjibu kwamba vimemfaa na vimemla, na nikamwonyesha wapi na wapi. Namba ya tili abaki nayo, na wateja wote warudi huko, ili simu yake iwe ya nyumbani peke yake. Simu ya picha na mabando yabaki, lakini anunue bando la mwezi badala ya vipande, kwa kuwa nilimjumlishia vipande vya mwezi mmoja mbele yake na mwenyewe akanyamaza. Duka la mtandaoni la kulipia kwa dola tulikubaliana lifungwe, kwani kwa mwaka mzima uliopita lilikuwa limemletea oda sita, na nne kati ya hizo ni za watu wanaomjua kwa jina na wangempigia simu.

Kulifunga hakukuwa jambo la kubonyeza mara moja. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wateja aliyoijenga tangu Ramadhani ile ya kufungiwa, na siku ya kufunga orodha ingepotea nayo. Programu ilitaka malipo zaidi ili kuitoa yote kwa pamoja. Basi juzi baada ya swala ya alasiri tulikaa barazani kwake, yeye ameshika simu anasoma, mimi nimeshika daftari jipya naandika: jina, mtaa, namba, na leso ya mwisho aliyochukua. Kila baada ya majina machache alisimama akanieleza mtu huyo ni nani na mtoto wake aliolewa wapi. Adhana ya magharibi ilitukuta kwenye herufi ya S, tukaswali, tukarudi tukaendelea.